Mumi wa Mama, Mikonge ya Baba

Kila nimsikiapo Mkristo akisema kwamba sheria ya kale ilikoma msalabani, najikuta nikiitazama mikono yake. Si tabia njema. Mtu wa umri wangu, aliyesoma chuo na anayewafundisha wasichana somo la dini hapa Migori, angepaswa kuipima hoja kabla ya kumpima msemaji. Lakini hoja hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amesimama juu ya shamba la mama yangu, na tangu siku ile haijawahi kunifikia ikiwa safi. Hunijia na harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe.

Mtu huyo alikuwa mzee wa kanisa letu. Alikuwa pia binamu wa marehemu baba, mdogo wake kwa umri, kwa hiyo mimi nilimwita baba mdogo. Na shamba lake lilipakana na letu upande wa chini, kule kwetu kando ya ziwa, si mbali na Homa Bay. Sisi tulikuwa watu wa Sabato. Jua la Ijumaa lilipozama, majembe yalilala, na kila nyumba ilikuwa imekwisha kupasua kuni, kusugua vyombo kwa jivu na kujaza mitungi. Ijumaa tuliiita siku ya maandalio, na maandalio hayo yalikuwa na mkaguzi wake. Alasiri baba mdogo alipita nyumba hata nyumba, kofia mkononi, akiwasalimu wanawake kwa upole mwingi. Kisha aliingia jikoni bila kukaribishwa na kuinua vifuniko vya vyungu kwa ncha ya bakora yake. Aliinua, akainama, akanusa. Sijui ni nani aliyempa kazi hiyo. Pua yake iling'aa kwa mafuta, na kila ilipoinamia chakula chetu nilihisi kwamba kuna kitu kimedondoka humo. Chakula cha Ijumaa nilikila kwa kujilazimisha.

Mama alimvumilia. Watu walimwita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka, hata akizeeka na kuzikwa ugenini. Alikuwa mjane, na mjane hujifunza mapema ni yupi wa kumfungia mlango na ni yupi wa kumwachia wazi.

Katika miaka ile ya mwanzo wa uhuru ziwa lilipanda. Mvua zilinyesha hata watu wakaacha kuzizungumzia, na maji yakatambaa juu ya mashamba ya pwani, yakazamisha pamba, yakazamisha mtama, yakaingia katika nyumba za watu waliodhani wamejenga mbali. Shamba la baba mdogo lilifunikwa karibu lote. Letu, lililokuwa juu yake, lilipoteza kipande kidogo cha pembeni, lakini mvua iliozesha mahindi yakiwa bado shambani, na njaa ikaingia bila kubagua. Ndipo mimi na mdogo wangu wa kike tulipogundua kwamba samaki walikuwa wakiogelea katikati ya mabua ya mtama. Tuliwanasa kwa kikapu. Wengi walikuwa mumi, yaani kambare, wenye sharubu na ngozi laini isiyo na gamba hata moja. Na kwa sheria ya chakula tuliyoishika, samaki asiye na magamba alikuwa najisi. Mama alimtazama mumi wa kwanza kwa muda mrefu. Kisha akatutazama sisi, mbavu zetu. Akamkata vipande.

Ilikuwa Ijumaa, bila shaka. Kifuniko kiliinuliwa.

"Nyar Kosele, huyu ni nani?"

"Ni mumi, Mzee."

"Ana magamba?"

"Wewe ndiye uliyeinama hapo, Mzee. Mimi nimempika tu."

Mdogo wangu alicheka, akapigwa jicho na mama. Baba mdogo hakucheka. Alisema Mungu habadiliki kwa sababu ziwa limepanda, na kwamba sheria ni sheria. Akaagiza chungu kimwagwe nje, akasimama akiegemea bakora mpaka mbwa wake mwenyewe, aliyekuwa akimfuata katika ukaguzi ule, alipomaliza kulamba mchuzi kwenye majani. Mbwa alikuwa mnene kuliko sisi. Baadaye kanisa lilikaa, na mama akatengwa na Meza ya Bwana kwa muda. Aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na waliompita waliinua kidogo sketi zao.

Niseme jambo moja kwa haki. Siidharau sheria ile ya chakula. Nimewajua watu waliolala njaa kwa kuishika, wala hawakumkagua mtu, nami nawaheshimu. Kinachonichafua roho ni upimaji ninaouona hata leo katika mikutano ya walimu na katika mahubiri ya vijana wenye suti: sheria isiyomgharimu mhubiri chochote ni ya milele, na ile inayomdai arudishe kitu ilikuwa ya Wayahudi. Chuoni tulifundishwa kutenganisha amri za ibada na amri za maadili, na mgawanyo huo ni wa busara. Ila sikuwahi kumsikia mtu akitufundisha kwamba moyo wa mwizi una mgawanyo wake pia, na kwamba ni wa kale kuliko ule wa wanachuoni.

Mama aliporudishwa kundini, baba mdogo alikuja kuomba. Shamba lake lilikuwa bado chini ya maji. Je, mjane angemwazima kipande cha chini cha shamba letu, alime mtama, mpaka ziwa lirudi mahali pake? Kati ya mashamba hayo mawili ulikuwapo mstari wa mikonge ambao baba aliupanda alipokuwa hai, ukishuka kimshazari kutoka kwenye njia ya ng'ombe hadi majini. Mama alikubali, akampa kipande kinachoanzia mikonge hiyo hadi mtaro wa maji ya mvua ulio juu yake. Mtu huyu alikuwa amemwaga chakula cha watoto wake, naye akamwazima udongo. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba jirani aliyefikwa na gharika husaidiwa, na kwamba amri haikusema asaidiwe jirani mwenye adabu peke yake.

Ziwa halikurudi upesi. Kipande kile kililimwa mwaka baada ya mwaka, hadi serikali ilipoanza kupima mashamba ili kila mtu apewe cha kwake kwa hati. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nikisoma shule ya bweni upande wa Migori, na nilikuwa nyumbani kwa likizo. Tuliambiwa kamati ya mashamba ingefika kwetu Jumatatu. Baba mdogo hakuwa na sababu ya kuja kuzungumza na mama kabla ya siku hiyo, wala hakuja. Hata ukaguzi wa Ijumaa hakuufanya wiki ile. Nilifurahi. Nilidhani amechoka.

Jumamosi, tulipotoka ibadani, tulipita njia ya chini. Nzi ndio waliotuonyesha. Walikuwa wamejaa katika mstari mmoja ulionyooka, kama watu walioitwa kwenye foleni, kutoka njia ya ng'ombe kuelekea ziwani. Mikonge haikuwapo. Mahali pa kila mkonge palikuwa pamefukiwa, na juu ya udongo uliochimbuliwa pamepakwa mavi mabichi ya ng'ombe, ili mtu apitaye adhani ng'ombe wamelala hapo. Mama aliinama, akachomeka kidole, akautoa udongo laini wa chini na kuunusa. Halafu tukaona jambo ambalo sikulielewa: huku chini, karibu na maji, mikonge michache ilikuwa imebaki. Ilisimama mizima, katika mstari uleule, na mmoja wao ulikuwa umechimbwa nusu na kuachwa umelala ubavu, mizizi juu.

"Mama, tuirudishe," nilisema. "Sasa hivi. Nitaleta jembe."

"Leo ni Sabato."

"Wao wameng'oa!"

"Wao si mimi. Kesho tutakuja tukae."

Nilimwona mjinga, na sitaficha kwamba nilimwona hivyo kwa miaka mingi.

Jumapili alfajiri alichukua ungo wa maharage na kigoda, akaenda kuketi kando ya mikonge iliyobaki. Niliketi naye. Jua lilipopanda, baba mdogo alitokea, jembe begani. Alipotuona alilishusha jembe taratibu, akalifanya fimbo ya kuegemea.

"Nyar Kosele! Mapema hivi? Umeota mizizi hapo?"

"Mikonge imeng'oka, Mzee. Nikaona nipandwe mimi mahali pake."

"Mikonge ipi? Mpaka wetu ni ule mtaro wa juu. Hata marehemu alijua."

"Marehemu ndiye aliyepanda. Na wewe ulimshikia kamba ili mstari unyooke. Mimi niliwaletea uji."

"Sikumbuki uji."

"Basi kumbuka Torati. Asogezaye mpaka wa jirani yake amelaaniwa, na watu wote wakaitikia amina. Wewe mwenyewe ulitusomea."

Hapo alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mwalimu anayemhurumia mtoto mzito, na nikaona punje ya mtama imekwama kati ya meno yake ya mbele. Sijui kwa nini punje hiyo imebaki nami kuliko maneno. "Ah, shemeji," alisema. "Hayo yaliandikiwa Waisraeli, na nchi yao ya ahadi. Sisi tuko chini ya neema. Sheria ilipigiliwa msalabani."

"Hata ya mumi?"

Mwanamke jirani, aliyekuwa akipanda kutoka majini na mtungi kichwani, alisimama kusikiliza. Akaangua kicheko hata maji yakamwagika shingoni. "Kumbe, Mzee! Msalabani walipigilia yote, mumi akawateleza!"

"Wewe mama, peleka maji nyumbani," alisema baba mdogo. Na kwa mama, kwa sauti ya chini: "Usichanganye mambo usiyoyajua." Alirudi na jembe lake likiwa kavu. Mama aliendelea kuchagua maharage, na tulikaa hapo hadi giza.

Kamati ilikuja Jumatatu: wazee wa eneo letu, wengi wao watu wa kanisa letu, pamoja na ofisa kijana wa ardhi kutoka mkoa mwingine, ambaye hakujua Kijaluo. Kwa sababu yake mambo yote yalisemwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwetu ilitumiwa na watu wa sokoni na wa serikali. Mama alikijua kidogo tu. Baba mdogo alikijua cha mahubiri.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi ni mtumishi wa Mungu. Mpaka ni mtaro. Huyu mama ni mjane, tunamsaidia, lakini amesahau."

Ofisa alionyesha mikonge iliyobaki. "Na hii? Inaelekea wapi?"

"Hiyo ilijiotea, bwana."

"Ilijiotea kwa mstari?" aliuliza ofisa, na vijana wake wa kubeba minyororo ya kupimia wakatazamana. "Mzee, unaweza kuapa?"

"Naweza."

Akainua mkono. Mkono wa shati ulishuka, nami nikaona kwamba ngozi yake, kuanzia kifundo hadi kiwiko, ilikuwa imeumuka kwa vipele vyekundu. Kila aliyewahi kukata mkonge anajua vipele hivyo: ni maji yake, huwasha kwa siku kadhaa. Aliapa kwa jina la Mungu huku kidole gumba cha mkono wa pili kikijikuna pajani, kwa kuwa hakuthubutu kuukuna ule ulioinuliwa. Wazee wote waliuona mkono. Nilizitazama nyuso zao moja moja, na sikuona hata mmoja ambaye hakuuona.

Mama alisema yake kwa maneno machache: nani alipanda, nani alishika kamba, kipande kiliazimwa lini na kwa nini. Ofisa alimgeukia mke wa baba mdogo, aliyekuwa amesimama pembeni, mikono ndani ya kanga. "Na wewe, mama, unaujua mpaka?"

"Mzee amesema," alijibu.

Wazee wakaenda kando, wakanong'ona. Mwenyekiti alirudi akiwa na uso wa mtu aliyepata dawa. "Sisi ni watu wa kanisa moja. Tukimpa huyu yote, yule atalia. Kwa ajili ya amani, kipande hiki kigawanywe katikati."

Ofisa alikuwa na njaa, na mashamba mengine yalimngoja. "Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana," walisema wanaume. Mama hakuulizwa. Vigingi vikapigiliwa katikati ya udongo wa baba yangu, nyundo ikalia, na watu wakapeana mikono. Nilimwona mwenyekiti akiufuta wake kwenye suruali baada ya kuushika ule wenye vipele.

Nimesoma tangu wakati huo vitabu vizito kuhusu haki na upatanisho, na bado sijapata jina linalotosha kwa jambo lile. Mwizi akikamatwa na ng'ombe mzima, akaachiwa nusu ili asione haya, si amani. Ni wizi uliopata mashahidi. Amri ya kutoshuhudia uongo ilivunjwa na mtu mmoja kwa kinywa chake, na wengine wote kwa kunyamaza, na hakuna aliyeona haja ya kuifuta msalabani. Waliipita tu, kama mtu anavyopita kinyesi njiani kwa kuinua nguo.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kwa desturi yetu, kabla ya mkate, waumini hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na mwenye kinyongo hutakiwa kupatana na mwenzake kwenye beseni hilo. Mchungaji alikuwa amesikia habari za shamba, akapanga kwamba mke wa mzee amtawadhe mama. Wanawake walikusanyika katika darasa la shule iliyo jirani na kanisa. Mke wa baba mdogo alipiga magoti, akauchukua mguu wa mama, akautia majini. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na taulo. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na vipele vilevile vilimpanda mikononi. Maji yaligeuka kijivu.

Alianza kulia kimyakimya, pua ikidondoka ndani ya beseni. "Mke mwenzangu," alinong'ona, kwa maana ndivyo wake wa ndugu huitana kwetu, "tulianza Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Alisema tutamaliza yote. Jua likatuwahi. Nilimwambia imebaki michache tu, tumalizie. Akaninyang'anya jembe. Akasema hawezi kuivunja Sabato."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akina mama wengine walikuwa wakiimba. Mtu yule alikuwa amekimbizana na jua ili awahi kuiba kabla ya saa takatifu, na jua lilipogusa maji aliuacha mkonge umelala ubavu, akaenda kunawa, akafungua ibada ya jioni nyumbani kwake kwa wimbo. Nililishika taulo mdomoni.

Mama hakushtuka. Aliuliza tu: "Utayasema haya mbele?"

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya hao hao waliogawa."

Mwanamke alitikisa kichwa. "Nitalala wapi, Nyar Kosele? Niambie. Nitalala wapi?"

"Sijui," alisema mama, na nadhani alisema kweli. Sauti yake haikuwa na ukali. Akautoa mguu majini. Hakungoja taulo. Aliutia katika kiatu ukiwa umelowa, akatoka nje, na nyayo zake zikabaki sakafuni, moja kavu na moja ya maji. Siku hiyo hakula mkate, na hakuna aliyemtenga, alijitenga mwenyewe.

Nilipomkuta nyumbani nilimwambia niliyoyaona kuwa ya akili wakati ule: kwamba mimi nimemalizana na sheria, Sabato, magamba na yote, kwa maana nimeona inazaa watu gani. Alikuwa akifungua kamba ya kiatu.

"Sheria ndiyo iliyotuachia mikonge ile michache," alisema. "Yeye alishika amri moja tu, nayo ikamsema. Je, angezishika mbili?"

Kabla sijarudi shuleni aliniita kwenda shambani. Alikuwa amekusanya vichipukizi vya mkonge, rundo zima, na kamba. Nilifikiri tunakwenda kurudisha mstari wa baba, nami nikachukua jembe kwa furaha. Akaifunga kamba kwenye kigingi cha serikali, pale katikati.

"Hapa?" niliuliza. "Mama, hapa ndipo walipotuibia."

"Hapa ndipo ulipo mpaka. Nikipanda juu yake nitakuwa nimejidhulumu, nikipanda chini yake nitakuwa kama yeye. Shika kamba."

Nilishika. Nilichukia kila shimo. Maji ya mkonge yalininyunyizia mikono, na kabla ya saa sita ilikuwa ikiwasha. Baba mdogo alikuja kutazama, akitafuna muwa, makapi yakimshukia kidevuni. Alitembea kando ya mstari akiukagua kwa bakora, kama alivyokagua vyungu.

"Safi sana, Nyar Kosele," alisema. "Umenyoosha vizuri. Hivi ndivyo ndugu wanavyoishi, bila kinyongo."

Mama alikuwa amepiga magoti, akishindilia udongo kwa ngumi. Hakuinua uso. Alitazama viatu vya baba mdogo.

"Sogea, Mzee," alisema. "Umesimama upande wangu."

Akasogea.